Boriti ya winchi: elementi za boriti, sheli au solidi? Majibu yangu hayafanani

#1 Karakana_Ziwa
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wajuzi wa finaiti elementi (ile hesabu ya kompyuta inayokata kitu kuwa vipande vidogo, yaani elementi).

Nina boriti ya chuma yenye umbo la I, UB 305×165×40, mita 6 kati ya egemeo na egemeo, haijakazwa ncha. Toroli la chenibloku la tani 2 linatembea kwenye flenji ya chini (bamba la chini la umbo la I), magurudumu manne, mawili kila upande. Nimechukua 20 kN katikati, uzito wa boriti yenyewe nimeuacha kwanza.

Kwa mkono, P ikiwa mzigo na L urefu: momenti ya kupinda PL/4 = 30 kNm. Z ya umbo (momenti ukiigawa kwa Z unapata mkazo) ni sm³ 560, kwa hiyo mkazo ni kama 54 MPa. Mnepo (boriti inavyoshuka katikati) PL³/48EI, kwa I ya umbo = sm⁴ 8503 na E, ugumu wa chuma, = 210 GPa, ni mm 5.04.

Kwenye programu:
Elementi za boriti: mkazo 54, mnepo 5.2.
Sheli (mabamba membamba): mnepo 5.3, mkazo wa von Mises (mikazo ya pande zote ikiunganishwa kuwa namba moja) kwenye flenji ya chini, karibu na ubavu (bamba la wima la katikati), kama 130.
Solidi (vipande vyenye unene kamili), tetra za nodi 4 (piramidi zenye nodi, yaani pointi za kuunganisha, kwenye kona tu), meshi ya mm 20 (ukubwa wa kila kipande): mnepo 5.0, mkazo 75. Nikipunguza meshi mkazo unapanda, nikipunguza tena unapanda tena, hausimami.

Mkaguzi anataka namba moja. Nimpe ipi, na kwa nini?

#2 Nondo16
Nimeweka mkeka hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Chuma_Hakidanganyi
Mkuu, umeshapata jibu kwa mkono halafu unalitafuta tena kwenye kompyuta. Urefu wako ni mara 20 ya kina. Hiyo ni boriti nyembamba, elementi za boriti zimeumbwa kwa kazi hiyo hiyo. Elementi moja ya Euler-Bernoulli (inayohesabu kupinda tu), ya kyubiki, mzigo ukiwa kwenye nodi inakupa mnepo sahihi wa nadharia ya boriti bila kosa lolote. Mbili zinatosha span yako nzima. Solidi laki mbili kwenye boriti ya chenibloku ni kuchosha laptopu tu. Peleka 54.

#4 Mpimaji_Mbeya
#3 umesema kweli nusu. Mbona hujamwambia kwa nini programu inatoa 5.2 na mkono unatoa 5.04? Mtu akiona hivyo anadhani kakosea.

Hakukosea. Elementi aliyotumia lazima ni ya Timoshenko, ile inayohesabu na mnepo wa kukata. Ubavu wa UB hiyo ni mm 6, kina 303, eneo kama mm² 1,820. G, ugumu wa kukata, chukua 81 GPa. PL/4GA inatoka mm 0.2. Jumlisha na 5.04. BEAM188 ya programu ya ANSYS na B31 ya programu ya Abaqus zote ni za aina hiyo. B33 ya Abaqus ndiyo Euler-Bernoulli, ukiitumia utarudi 5.04 barabara. Asilimia 4 kwenye span ya mita 6 unaweza kuifumbia macho, lakini boriti hiyo hiyo ikiwa ya mita 2 huwezi, maana mnepo wa kupinda unashuka kwa kipeo cha tatu cha urefu na ule wa kukata unashuka polepole.

#5 Bi_Nodi
Habari zenu. Mleta uzi, shida yako imeanzia kwenye tetra za nodi 4. Elementi za daraja la kwanza (zenye nodi kwenye kona tu) hazijui kupinda. Kingo zake zinabaki zimenyooka, kwa hiyo ukizipinda zinajitengenezea mkazo wa kukata ambao kwenye chuma halisi haupo. Nishati inaishia huko, elementi inakakamaa.

Jaribu kitu rahisi kwanza. Chukua upapi wa chuma mm 50 kwa 100, urefu mita 1, ushike ncha moja, weka 10 kN ncha ya pili, E = 200 GPa. Kwa mkono mnepo ni mm 4 kamili na mkazo kwenye mshiko ni 120 MPa. Sasa tumia elementi bapa za nodi 4 zenye pointi zote za hesabu (mahali programu inaposoma mkazo ndani ya elementi), tabaka moja tu kwenye kina. Zikiwa mraba, mm 100 kwa 100, utapata mnepo kama mm 2.7. Zirefushe ziwe mm 200, unashuka hadi 1.5 hivi. Kosa linakua kwa mraba wa uwiano wa urefu kwa kina cha elementi. Badilisha ziwe za nodi 8, meshi ile ile, mnepo unarudi 4.

Kwa hiyo tetra za nodi 4 zitupe. Tumia za nodi 10, au heksa (matofali) za nodi 20.

#6 Mpimaji_Mbeya
Dada #5 somo limeeleweka, ila halijibu kesi yake. Angalia tena: mnepo wa tetra zake ni 5.0. Zingekuwa zimekakamaa kama unavyosema mnepo ungekuwa mdogo sana.

#7 Bi_Nodi
#6 ni kweli, na sababu ni umbo lenyewe. Kwenye umbo la I flenji ya juu inabanwa na ya chini inavutwa, karibu kwa usawa kwenye unene wake wote. Kuvutwa tu hata tetra ya nodi 4 inakuweza. Na ubavu wake una elementi kama 15 kwenye kina. Ndiyo maana mnepo wa jumla umetoka vizuri.

Kukakamaa kwenyewe kupo mahali pengine. Gurudumu linapokaa juu ya flenji ya chini, linaipinda flenji ile kwenda chini, na unene wake ni mm 10.2 tu, wenye elementi moja ya mm 20. Hapo hapo ndipo tetra zake zimegoma, na ndiyo maana kapata 75 wakati sheli imempa 130. Modeli inaweza kuwa sahihi kwenye mnepo na ikawa ya uongo kwenye mkazo, kwenye faili moja.

#8 Pwani_254
Sasa nyinyi mbona mnazunguka, si atumie C3D8R tu, lile tofali la nodi 8 la Abaqus? Hiyo haikakamai. Sisi huku Mombasa ndiyo tunatumia kwa kila kitu, inakimbia mbio sana.

#9 Bi_Nodi
Kaka #8, haikakamai kweli, lakini ina pointi moja tu ya hesabu katikati ya elementi. Ukiweka tabaka moja kwenye unene wa flenji, pointi ile iko kwenye mstari usiovutwa wala kubanwa. Inasoma sifuri, flenji inapinda bure, na kinachoishikilia ni ugumu wa bandia ambao programu imeongeza.

Ukiacha ugumu huo wa bandia, hesabu yake ni nyepesi. Ukiwa na matabaka n, ugumu wa kupinda unaopata ni ule wa kweli mara (1 − 1/n²). Matabaka mawili, mnepo unazidi kwa theluthi. Manne, unazidi kwa asilimia 6.7. Na mkazo ukiusoma kwenye pointi ya tabaka la nje unapata n/(n+1) ya ule wa kwenye ngozi. Yaani kwa matabaka manne, upapi wangu wa 120 MPa utakuandikia 96. Watu wengi wanasoma 96 hiyo na kuipeleka.

#10 Pwani_254
Aisee. Hiyo ya 96 sikuwahi kuisikia. Shukrani dada. Na C3D8I je?

#11 Bi_Nodi
C3D8I, tofali la nodi 8 lililoongezewa namna ya kupinda, ni nzuri kwa kupinda, hata tabaka moja linakupa jibu zuri. Ila inataka elementi zilizonyooka. Ikishakaa kama msambamba uliolala au trapeza, inaanza kukakamaa nayo.

#12 Mzee_wa_Rula
Vijana hamjambo. Nimesoma yote. Mnabishana elementi kabla ya kuuliza jambo la kwanza: boriti imeshikwaje?

Mleta uzi, kwenye solidi umezuia nodi zipi? Ukichagua uso mzima wa ncha na kuuzuia, umeikaza. Boriti iliyokazwa ncha zote mnepo wake ni PL³/192EI, robo ya ule wako, mm 1.26. Wewe umepata 5.0 kwa hiyo hukukaza kabisa, lakini ulizuia nini hasa? Mstari wa nodi chini ya flenji? Hapo napo patakuwa na mkazo wa ajabu kwenye ncha.

#13 Karakana_Ziwa
Shikamoo mzee. Nimezuia mstari wa nodi chini ya flenji ncha zote mbili, upande mmoja nimeuachia uteleze. Mzigo nimeuweka kwenye nodi nne, moja kila gurudumu, 5 kN kila moja. Magurudumu yameachana sm 20 kwa urefu wa boriti.

#14 Mzee_wa_Rula
Marahaba. Basi umejijibu kwa nini mkazo hausimami. 5 kN kwenye nodi moja ni nguvu kwenye eneo la sifuri. Kinadharia mkazo pale hauna mwisho, na kila ukisaga meshi unaukaribia huo usio na mwisho. Hakuna elementi itakayokuokoa, ya nodi 4 wala ya nodi 20. Gawanya mzigo kwenye alama ya gurudumu, milimita chache kwa milimita chache, halafu usisome mkazo chini ya alama yenyewe. Soma pale flenji inapokutana na ubavu.

Na kwa kuwa wameachana sm 20, momenti si 30 tena. Ni 10 × 2.9, yaani 29 kNm.

#15 Chuma_Hakidanganyi
Mnaona sasa? Mzee mwenyewe anarudi kwenye PL/4. Solidi zote hizo kumbe mtu alikuwa anasoma nodi aliyoichoma mwenyewe. Narudia, 54.

#16 Mzee_wa_Rula
Hapana kijana, hapo umeniweka upande nisiokuwepo. 54 ni ya boriti nzima. Elementi ya boriti ni mstari, haina flenji ya kupinda, kwa hiyo haiwezi kuona kinachofanywa na gurudumu. EN 1993-6, ile ya miundo inayobeba kreni, ina fomula ya jambo hili hili: mkazo wa flenji ni kizidishi mara F/t². F yako, mzigo wa gurudumu moja, ni 5,000 N, t, unene wa flenji, ni 10.2, kwa hiyo F/t² ni 48 MPa. Kizidishi cha mkazo wa kukingama (unaokatisha upana wa flenji), pale penye ubavu, kinafika 2 na kidogo gurudumu likikaa ukingoni mwa flenji. Unapata kama 100 MPa, nao unabana upande wa chini.

Weka 54 kwa urefu na −100 kwa kukingama kwenye von Mises: 135. Sheli yake ilisema ngapi?

#17 Nondo16
130! Mzee umemaliza kazi.

#18 Karakana_Ziwa
Mzee nashukuru sana. Kwa hiyo sheli ndiyo yenyewe?

#19 Mpimaji_Mbeya
Usikimbilie. Sheli inakaa katikati ya unene, haina ule mviringo wa kona kati ya ubavu na flenji ambao UB iliyofinyangwa kiwandani inao. Kona ile inaongeza chuma mahali hasa unaposoma mkazo, na inafupisha mkono wa flenji. Huenda 130 yako imezidi ukweli. Mimi ningechukua kipande cha mita 1 cha katikati, heksa za nodi 20 zenye kona yake ya mviringo, na nguvu za mipakani nizichukue kwenye modeli ya boriti.

#20 Bi_Nodi
Mimi nabaki na sheli. Ikizidi kwa asilimia chache inazidi upande wa usalama, na mkaguzi anaisoma kwa dakika tano. Kipande cha #19 ni kizuri, ila mipaka yake ikikosewa kidogo kosa linahamia ndani.

#21 Dada_Msokoto
Samahani nimechelewa kuingia. Mbona hamna aliyegusa msokoto? Chenibloku haivuti wima siku zote. Fundi anavuta mzigo ulio pembeni, na pale boriti inasokotwa. Umbo la I liko wazi, na elementi ya kawaida ya boriti yenye uhuru 6 kwa nodi (njia sita za kusogea na kuzunguka) inajua msokoto wa Saint-Venant tu, ule usiohesabu flenji kupinda. Flenji zikipishana, moja kushoto moja kulia, zinazaa mkazo wa urefu ambao elementi hiyo haiujui kabisa. Kwenye BEAM188 kuna uhuru wa saba wa kuhesabu hilo lakini ni wa kuchagua, usipouwasha haupo. Abaqus ina B31OS kwa maumbo ya wazi. Kwenye sheli inatoka yenyewe.

Pili, uchambuzi wa mstari (linear) hausemi lolote kuhusu boriti kulala ubavu. Mita 6 bila kushikwa flenji ya juu, lazima hilo likaguliwe peke yake. Bahati yake mzigo unaning'inia chini, hiyo inasaidia.

#22 Chuma_Hakidanganyi
#21 hapo sina ubishi, kuvuta pembeni nimekuona sana kwenye magereji. Ila dawa yake ni kumkataza fundi, si kubadilisha elementi.

#23 Dada_Msokoto
Umkataze fundi saa nane mchana kontena liko mlangoni? Kaka, tufanye hesabu tu.

#24 Kambi_ya_Zege
Wanaodharau elementi wakumbuke Sleipner A. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta ulizama Gandsfjorden, karibu na Stavanger kule Norway, wakati wanaushusha majini kwa majaribio. Hasara kama dola milioni 700. Finaiti elementi ilikuwa imekadiria mkazo wa kukata pungufu kwa asilimia 47. Elementi mbovu, jukwaa limekwenda.

#25 Mpimaji_Mbeya
#24 tarehe na 47 ni sawa, lakini "elementi mbovu" ni kuifupisha mno. Meshi kwenye zile nafasi za pembetatu zilipokutana kuta za seli ilikuwa chache na elementi zimepindishwa umbo. Juu ya hapo, nondo zenye kichwa cha T zilikatwa fupi, hazikufika kwenye zege lililobanwa. Hesabu ya upya iliyofuata ilisema ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye 65.

#26 Kambi_ya_Zege
Sasa ukiniuliza ni meshi au nondo, mimi nitakwambia nondo zilikatwa fupi kwa sababu mkazo ulionekana mdogo. Tunarudi pale pale.

#27 Mpimaji_Mbeya
Na mimi nitakwambia ukuta wa unene ule uliwekwa nondo bila mtu kufanya hesabu ya mkono ya kukata. Mtu na rula angeiona.

#28 Kisimani_Unguja
Wakuu nachomekea kidogo. Tunakarabati nyumba ya kale Mji Mkongwe, dari la boriti za mikoko, chumba hakifiki hata mita 3 upana kama mjuavyo nyumba zile. Mhandisi kijana kaleta modeli ya solidi ya kila boriti na fundo lake. Inafaa?

#29 Mzee_wa_Rula
Kwa mti wa mkoko elementi ya boriti inatosha, punguza kipenyo kuelekea ncha nyembamba. Ugumu wa mti unatofautiana kati ya boriti na boriti kuliko tofauti ya elementi zenu zote. Mwambie kijana achukue bisibisi achokoe ncha zilizomo ndani ya ukuta. Huko ndiko chokaa na unyevu vinakolia mti, na modeli yake imeziweka zima.

#30 Kambi_ya_Zege
Na kwenye zege msije mkazoea elementi za boriti kila mahali. Eurocode 2 (kanuni za Ulaya za zege) inasema span ikiwa chini ya mara 3 ya kina, hiyo si boriti ya kawaida tena, ni boriti ya kina. Nilikagua boriti ya uhamisho (inayopokea mzigo wa juu na kuuhamishia kwenye nguzo za chini) ya jengo moja, span mita 4 kina mita 2, imechorwa kama mstari. Mzigo mle unapita kama mihimili ya mshazari kwenda kwenye nguzo. Elementi bapa zinaonyesha, mstari hauonyeshi.

#31 Pwani_254
Nirudi kwenye mada. Asiye na leseni je? CalculiX ni programu ya bure na faili zake zinafanana na za Abaqus. B31 si ipo?

#32 Bi_Nodi
Ipo, lakini fahamu kwamba ndani yake CalculiX inaivimbisha elementi ya boriti kuwa solidi kabla ya kuhesabu. Kwa hiyo B31 ya huko si B31 ya Abaqus. Tumia B32R, boriti ya nodi 3. Umbo la I ndiyo kazi zaidi, mimi huko naenda sheli za nodi 8, S8R, moja kwa moja.

#33 Karakana_Ziwa
Nimerudi wakuu. Nimefuata ya mzee #14 na ya #5. Tetra za nodi 10, mbili kwenye unene wa flenji, mzigo nimeugawa kwenye alama za gurudumu, kona ya mviringo nimeiweka. Mnepo 5.2. Mkazo karibu na kona 118, na nilipopunguza meshi kwa nusu ukawa 120. Sasa umesimama.

Kwa hiyo nina 54, 120, 130 na 135. Nafikiri nimpe mkaguzi 135 ya fomula, niambatanishe sheli.

#34 Mpimaji_Mbeya
120 ndiyo iliyo karibu na chuma chako. Ila ya kupeleka ni juu yako.

#35 Chuma_Hakidanganyi
Kwa chuma cha 275 MPa zote zinapita! Mmekesha bure.

#36 Dada_Msokoto
Zinapita leo kwa tani 2. Kesho ataleta chenibloku ya tani 5 kwa hoja kwamba "mkazo ulikuwa 54 tu". F/t² inapanda mara mbili na nusu, na 135 inakuwa zaidi ya 330.

#37 Karakana_Ziwa
#36 hilo la tani 5 kweli limeshaulizwa na bosi. Kuna ndugu ana vipimio vya kubandika vya mvutiko. Nikibandika kimoja chini ya flenji, katikati, kwa urefu wa boriti, si kitamaliza ubishi?

#38 Bi_Nodi
Kimoja kitauongeza. Pale chini ya ubavu chuma kinavutwa kwa urefu na kubanwa kwa kukingama, na kinachobanwa huku kinarefuka kule. Kipimio cha urefu kitakusomea 54 pamoja na 0.3 ya 100, ukizidisha na E utaandika 84 MPa, namba ambayo haipo kwenye modeli yoyote hapa. Bandika viwili kwa pembe mraba, vifupi, mm 3 au 5, halafu utenganishe mikazo miwili kwa hesabu.

#39 Mzee_wa_Rula
Na toroli lilisogeze milimita kumi kumi huku unasoma. Mkazo wa flenji unaonekana gurudumu likiwa juu yake tu, likipita unaondoka.